Kuzalisha siklidi nyumbani na kulea vifaranga: niliyojifunza Tabaka

Mwaka wa tatu huu nakaa Tabaka, huko Kisii, kwa kazi ya vinyago vya mawe. Nanunua kwa wachongaji, nafunga kwa majani makavu ya mgomba, kisha mzigo wateremka Mombasa. Wengi wenu mmeviona vinyago hivyo madukani: viboko, sahani, bao, na samaki. Lakini chumbani kwangu pia nina samaki wa kweli, matangi matatu ya kioo, na tangu nilipogusia jambo hilo hapa, wasomaji kadhaa wameniuliza swali moja: mbona samaki wao wapandana, jike aonekana ana mayai, kisha vifaranga hawaonekani?

Makala haya ni jibu langu. Mimi si mtaalamu wa samaki. Diploma yangu ni ya biashara. Ninayoyaeleza nimeyapata kwa kusoma, kwa kuuliza wanaojua, na kwa kuua samaki wengi kuliko nilivyopenda. Basi soma kwa utulivu, na usiruke sehemu ya maji kwa hamu ya kufika kwenye vifaranga.

Siklidi ni samaki gani?

Siklidi si wageni kwetu. Perege tunayemkaanga ni siklidi. Ngege wa Kisumu na sato wa Mwanza ni siklidi. Ni ukoo mkubwa wa samaki wa maji baridi wenye jamaa Afrika, Amerika ya Kusini na ya Kati, Madagaska na hata India. Makao yao makuu ni maziwa yetu matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa, ambalo Wamalawi waliita Ziwa Malawi. Wadogo wenye rangi, wanaofaa kwa tangi la nyumbani, hupatikana maziwa yote matatu.

Hata majina yao ya kitaalamu yana lugha zetu ndani yake. Siklidi wa miambani wa Ziwa Nyasa dunia nzima huwaita mbuna, jina la wavuvi wenyeji. Wapo wa Ziwa Viktoria wenye mistari ubavuni, na wataalamu walipowapa jina la jenasi mwaka 1998 waliwaita Pundamilia. Mmoja wao, dume lake likiwa na mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na tumbo jeusi, alipewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Huyo ndiye ninayemfuga. Mfugaji wa Ujerumani au Marekani hulitamka jina hilo kila siku, na wengi wetu huku hatumjui samaki mwenyewe.

Wadogo hawa wa Viktoria, Waluo huwaita fulu, na upande wa Tanzania huitwa furu. Ziwa lilikuwa na aina zao zinazokadiriwa kufikia 500 au zaidi. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara, ambaye Kenya twamwita mbuta, alitiwa ziwani. Miaka ya 1980 akashamiri na fulu wakaporomoka. Wanasayansi wakadiria kuwa aina kama 200 zimetoweka. Sangara hakuwa peke yake. Uchafu ulioingia ziwani ulitia maji ukungu, na jambo hilo lina maana kubwa kwa mfugaji, nitalirudia mbele. Baadhi ya aina zilizoponea chupuchupu zilihifadhiwa na majumba ya samaki ya ng'ambo, katika matangi ya kioo kama haya yetu. Ndiyo maana nasema kulea vifaranga si mchezo wa watoto tu.

Maji kabla ya samaki

Kosa la kwanza la mwanzo ni kununua tangi asubuhi na samaki jioni. Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye chujio na changarawe, na huchukua kama wiki nne hadi sita kuenea. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani, muombe sponji lake chafu ulikamulie kwenye chujio lako. Uchafu ule ni mali.

Chujio lenyewe liwe la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa. Ni rahisi, halimezi vifaranga, na vifaranga huchokora chakula juu yake. Likiziba, lioshe kwa maji yaliyotoka tangini. Ukiliosha kwa maji ya mfereji yenye klorini, unawaua bakteria wote na kurudi mwanzo.

Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo siku nzima, ukiweza uyapulizie hewa, klorini itoke. Kila wiki badilisha kama robo ya maji ya tangi la wakubwa, maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani.

Sasa tuje kwenye tofauti ya Pwani na bara. Maji mengi ya visima vyetu vya Pwani yamepita kwenye jiwe la matumbawe, kwa hiyo ni magumu na yana chokaa. Hayo ni mazuri kwa siklidi wa Tanganyika na Nyasa, ambao kwao maji ni ya alkali. Ila yaonje kwanza: kisima chenye chumvi hakifai mpaka uchanganye na maji ya mvua. Na ujue kuwa kwenye maji ya alkali amonia huwa kali zaidi, kwa hiyo mfugaji wa Mombasa asilishe kupita kiasi akitegemea bahati.

Hapa Tabaka ni kinyume. Mvua ni nyingi, na maji ya paa ninayoyakinga ni laini kabisa, hayana chokaa hata kidogo. Maji laini hivyo yaweza kugeuka kuwa ya asidi ghafla. Ziwa Viktoria lenyewe halina maji magumu sana, kwa hiyo nyererei hahitaji mengi: naweka mfuko mdogo wa chengachenga za matumbawe yaliyokufa, niliyoyaokota ufukweni nyumbani, ndani ya chujio. Yamenitosha.

Baridi ya bara

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza vifaranga wote kwa baridi. Mombasa nilikuwa sijawahi kununua hita. Chumba chenyewe ni hita. Tabaka usiku wa Julai nilipima maji nikakuta nyuzi 19. Siklidi wa maziwa yetu wataka kati ya 24 na 27. Wakubwa walivumilia wakijikunyata chini. Vifaranga wa siku nne hawakuvumilia. Asubuhi niliwakuta wamelala juu ya mchanga kama ufuta.

Kipimo cha kawaida ni wati moja kwa lita moja: tangi la lita 100, hita ya wati 100. Nunua na kipimajoto, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita. Zungushia tangi blanketi au boksi la sponji upande wa nyuma na ubavuni.

Stima ikipotea, mambo mawili: usilishe, na tia hewa. Ukiwa huna pampu ya betri, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, mara kumi au ishirini, kila baada ya muda. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri ukiielekeza tangini itaokoa joto la saa mbili.

Mawe na mapango

Siklidi wa miambani bila mapango ni vita. Dume hushika eneo, na jike asiye na pa kujificha hupigwa mpaka afe. Vipande vya chungu vyafaa, vyungu vya maua vyafaa. Mimi nina mawe ya Tabaka bure. Mzee mmoja jirani yangu, mchongaji, huniwekea vipande vilivyovunjika.

Jiwe hili laini asili yake ni madini ya talki, lakini huchanganyika na mengine, kwa hiyo lipime: likamulie ndimu. Likitoa povu lina kitu cha jamii ya chokaa, nalo litapandisha ugumu wa maji. Lisugue kwa brashi, liloweke siku kadhaa, badilisha maji mpaka yasitoe unga mweupe. Unga ule ni mbaya kwa mapafu ya watu pia. Ukilikata, lilowanishe na ufunge pua. Kinyago kilichokwisha kupakwa nta au rangi usikitie tangini kamwe, hata kiwe kizuri vipi.

Aina mbili za kuzaa

Siklidi hugawanyika makundi mawili makubwa kwa namna ya kuzaa, na hapa ndipo lilipo jibu la wengi walioniuliza.

Kundi la kwanza hutaga mayai juu ya jiwe, pangoni, au ndani ya kombe, na wazazi huyalinda. Wapo wa Amerika, kama yule mwembamba wa mapezi marefu anayeitwa samaki malaika, na wapo wa Tanganyika. Wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono wanafaa sana kwa mtu wa Pwani mwenye nafasi finyu: tangi la lita 60, mchanga, makombe kumi ya konokono yaliyochemshwa, maji ya kisima. Vifaranga huchungulia wenyewe kwenye mdomo wa kombe. Kundi hili halitaki uwaingilie sana.

Kundi la pili hubeba mayai mdomoni. Humo mna fulu, mbuna, na hata ngege na sato. Jike hutaga mayai machache juu ya jiwe au shimoni, hugeuka na kuyachukua mdomoni papo hapo. Dume la fulu lina madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma chini ya tumbo, yanayofanana na mayai. Jike huyafuata madoa yale kwa mdomo, na wakati huo dume hutoa mbegu. Mayai yakatunga yakiwa ndani ya mdomo. Mjerumani Wolfgang Wickler ndiye aliyeueleza ujanja huu wa madoa mwaka 1962.

Basi wewe uliyeona jike ana mayai kisha ukakosa vifaranga: huenda alikuwa nao mdomoni, akashtuliwa, akameza. Au aliwatema kwenye tangi lililojaa wakubwa, wakaliwa kabla hujaamka. Dalili za jike aliyebeba ni tatu: koo limetuna, hali chakula, na mdomo wenda kama anayetafuna polepole. Anayageuza mayai yapate hewa.

Kwa nyererei weka dume moja na majike wanne au watano, tangi refu la lita 200 hivi. Dume moja na jike moja ni kumhukumu jike.

Jike akishabeba

Kwa joto la nyuzi 25 au 26, nyererei wangu hubeba kama wiki tatu. Andika tarehe ukutani siku unapomuona. Wiki mbili za kwanza muache palepale. Mayai ni machanga na akishtuka huyameza, hasa jike wa mara ya kwanza. Ikifika siku ya kumi na nne hivi, mhamishe usiku. Zima taa, tumia tochi hafifu, mnase pamoja na maji ndani ya bakuli, usimtoe hewani ukiweza. Tangi la kuzalia liwe na lita 40 au zaidi, maji yatoke tangi lake la zamani, na kuwe na pango moja.

Wapo wanaomfungua jike mdomo na kuwatoa vifaranga kwa mkono. Yafanyika, lakini mkono usiozoea humuumiza. Mimi nimeacha. Nyererei wangu wa kwanza aliyefaulu aliwatoa mwenyewe siku ya ishirini na moja, nikahesabu 23.

Yule mzee wa mawe alikuwa akipita kila jioni kumtazama.

"Ustadh, huyu mama hajala siku ngapi?"

"Siku ya ishirini leo, mzee."

"Na baba yao?"

"Baba yuko tangi lile, anachumbia mwingine."

Mzee akacheka, akasema basi atamchonga yule mama, na koo atalifanya kubwa watu waulize. Kweli alimchonga, na niko naye mezani hapa niandikapo.

Jike akishatoa vifaranga atawalinda siku kadhaa, na ukisogea huwaita wakaingia tena mdomoni. Kisha mtenge. Mlishe vizuri wiki moja au mbili kabla ya kumrudisha kwa dume. Jike anayebeba mfululizo bila kupumzika hukonda na kufa, nawe utadhani ni ugonjwa.

Chakula cha vifaranga

Vifaranga wa fulu hutoka wakiwa wakubwa kiasi cha kula mara moja. Chakula bora ni vitoto vya artemia, kijidudu cha maji ya chumvi. Pwani yetu wanajulikana: katika mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, kaskazini ya Malindi, artemia walipandwa tangu miaka ya 1980. Mayai yake makavu huanguliwa kwenye chupa: gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa lita moja ya maji, pampu ya hewa, mwanga, na joto la nyuzi 27 au 28. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa, maganda yataelea, vitoto vitashuka. Vivute kwa mrija, vioshe kwa maji baridi kwenye kitambaa, uwape.

Ukikosa artemia, omena yupo. Chagua omena safi, muoshe mchanga, mkaushe tena, msage, mchekeche kwa kitambaa chepesi. Unga ule mdogo kabisa ndio wa vifaranga, ukichanganya na chakula cha kawaida cha samaki kilichosagwa. Kiini cha yai la kuchemsha chafaa siku moja mbili, kiasi cha kichwa cha kiberiti, lakini huchafua maji upesi. Mkate na ugali usiwape.

Walishe mara nne kwa siku, kidogo, kinachokwisha kwa dakika mbili. Vuta uchafu wa chini kila siku kwa mrija mwembamba na urudishe maji mapya kiasi cha sehemu moja ya kumi. Vifaranga wengi hufa kwa maji machafu kuliko kwa njaa. Wakifika miezi miwili watenge wakubwa na wadogo, la sivyo wakubwa huwanyima wenzao chakula. Madume huanza kuonyesha rangi baada ya miezi kadhaa, na hapo fujo huanza upya.

Machotara, na kosa langu

Hili naliandika kwa aibu. Mwaka wa pili nilinunua majike sita kwa muuzaji mmoja, akanihakikishia wote ni nyererei. Majike ya fulu hufanana mno, wote kijivu na manjano. Nikawatia kwa dume langu, wakazaa, nikauza vifaranga kwa watu wanne kwa jina la nyererei. Walipokomaa madume yakatoka na rangi isiyoeleweka, si nyekundu si buluu. Walikuwa machotara.

Muuzaji alinidanganya au alidanganyika, sijui. Lakini mimi nilikuwa nimeshachukua pesa za watu kwa bidhaa yenye dosari, na kutojua hakuihalalishi pesa ile baada ya kujua. Niliwapigia wote wanne na kuwarudishia fedha zao. Mmoja alikataa kupokea, akasema samaki wake wampendeza. Nilimuomba kitu kimoja tu, asiwazalishe.

Na hapa ndipo niliporudi kwenye ule ukungu wa ziwani. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa jike wa fulu humchagua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakitiwa ukungu, au mwanga ukiharibiwa, haoni rangi, huchanganya, na aina mbili huwa moja. Tangi lenye taa mbaya na madume ya aina mbili zilizo karibu ni ziwa lile lile kwa udogo. Kwa hiyo: aina moja ya fulu kwa tangi moja. Bandika karatasi yenye jina na mahali samaki walikotoka. Usiyemjua asili yake mfuge kwa uzuri wake, usimzalishe.

Wakizidi

Siklidi wakishakubali, huzaa mpaka wakuchoshe. Wafugaji wa mabwawa hapa Kisii wajua habari hiyo kwa ngege: wakizaana ovyo wote hudumaa, ndiyo sababu wengi hutafuta vifaranga madume watupu. Tangini dawa ni kuwatenga majike, au kuliacha jike libebe katika tangi la wote na maumbile yafanye kazi yake.

La kutofanya ni kuwamwaga mtoni. Maji ya Tabaka huenda Mto Gucha, ambao chini huitwa Kuja, na Kuja huingia Ziwa Viktoria. Samaki wa Nyasa au wa Amerika utakayemtupa hapa kwa huruma hajui kuwa ni mgeni. Sato tuliyemzoea naye aliletwa Viktoria miaka ya 1950, na ngege asilia akapungua mpaka leo kimbilio lake mojawapo ni Ziwa Kanyaboli, Siaya, nyuma ya mafunjo ya Yala. Pwani pia, usiwamwage Sabaki wala Mto Tana. Wape watu, wauze, au uzuie uzazi.

Wiki hii jike wangu mmoja ana koo limetuna. Tarehe iko ukutani, hita inafanya kazi, na omena amesagwa. Wakitoka salama, in shaa Allah, jozi chache zitateremka Mombasa pamoja na vinyago, kila mfuko na karatasi yake ya jina na asili. Atakayetaka, ahakikishe kwanza kuwa tangi lake limekomaa wiki sita. Bila hilo sitampa.